Kashe Haikusomei Kontra

"Metre, usijisumbue kusoma, iko na kashe."

Ndivyo wanavyoniambia mimi mwanasheria, wakimaanisha muhuri. Wiki hii alikuwa dada mmoja kutoka Kenya (Kenya yetu, komini ya hapa Lubumbashi, wasomaji wa Nairobi msishtuke) anayekwenda kufanya kazi Dubai. Kabla yake alikuwa fundi wa kuchomea vyuma wa Katuba, safari yake ni Doha. Kontra (mkataba wa kazi) mkononi, kashe ya notere, ofisa wa serikali anayethibitisha hati, imekaa chini ya ukurasa wa mwisho, ya duara, ya bluu, na pesa zake zimeshalipwa. Kwangu wanatafuta baraka tu. Basi naandika mara moja, atakayeniambia tena habari ya kashe nitamtumia ukurasa huu.

Ofisa akilegaliza sahihi, yaani akiithibitisha, anachosema ni kwamba sahihi hii ni ya fulani. Kwisha. Kama mshahara ni dola 50 au 5,000, kama kampuni ipo au haipo, hilo si shauri lake wala hakulipwa kulichunguza. Kontra ya wizi ikilegalizwa inabaki kontra ya wizi, ila sasa ina sahihi ya kweli.

Kuna ile nyingine, acte notarié (hati inayopitishwa mbele ya notere), nayo ndiyo inayonikera zaidi. Watu huilipia bei kubwa wakidhani wamenunua ulinzi mkubwa. Hebu soma ile mistari ya Kifaransa ambayo notere huongeza mwishoni. Inasema ulifika mbele yake, ukasomewa yaliyomo, ukatamka mbele ya mashahidi kwamba hayo ndiyo mapenzi yako. Yaani umetoa pesa mfukoni ili ofisi ya serikali ishuhudie kuwa ulijua na ulikubali! Siku utakapolia "nilidanganywa, sikujua", karatasi ya kwanza watakayokuwekea mezani ni hiyo.

Imani hii naielewa inakotoka. Katika nchi hii barua isiyo na kashe inarudishwa dirishani. Na mji wenyewe ulijengwa na watu wa kontra: miaka ya 1920 kampuni ya migodi, Union Minière, ilikuwa inaandikisha vibarua hadi Kasai na Ruanda-Urundi, na wengi hawakujua kusoma walichokubali. Wajukuu wao wana diploma, bado wanatazama rangi ya wino.

Kosa la pili ni kuniletea Code du travail, sheria ya kazi ya Kongo. "Metre, sheria inasema kontra ya muda haipiti miaka miwili." Kweli, sheria ya Oktoba 2002 inasema hivyo, tena ukiwa na ndoa na umetenganishwa na familia inashuka mpaka mwaka mmoja. Ni kifungu kizuri. Lakini Code ile inashika kazi inayofanyika ndani ya Kongo. Ukishuka kwenye ndege Doha, umeiacha uwanja wa ndege wa Luano. Ukivuka Kasumbalesa kwenda kufanya kazi Zambia, ni hivyo hivyo: huko utaulizia Employment Code Act ya 2019, ambayo kwa kontra nyingi ndefu inadai kiinua mgongo kisichopungua asilimia 25 ya mshahara wa msingi uliopata. Wangapi wanaokwenda kule wanalijua hilo? Hawaulizi, kwa sababu kontra iko na kashe.

Sasa tufike kwenye mstari ambao kila mtu anauruka: jina la kazi. Wote wanakimbilia mshahara. Mimi naanza na kazi, kwa sababu mstari huo ndio unaoamua utakuwa chini ya sheria gani. Katika Falme za Kiarabu, mfanyakazi wa kampuni yuko chini ya sheria namba 33 ya 2021, inayohesabu saa za kazi: nane kwa siku, 48 kwa wiki. Mfanyakazi wa nyumbani ametolewa nje ya sheria hiyo. Anayo yake, namba 9 ya 2022, na yenyewe inahesabu saa za kupumzika: 12 kwa siku, na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe ujue zinazobaki ni za nani. Saudia nako, kifungu cha 7 cha sheria ya kazi kinawaweka wafanyakazi wa nyumbani kando, wana kanuni zao.

Kwa hiyo komisioneri (dalali wa kazi za nje) anapokuambia "utakuwa mapokezi hotelini", na kontra inasema mtumishi wa nyumbani, hajakosea herufi. Amekuhamisha kutoka sheria moja hadi nyingine, kutoka jengo lenye wenzako hamsini hadi jiko la mtu mmoja ambaye ndiye pia mdhamini wa viza yako. Ukimuuliza, atajibu kwamba "hiyo ni ya viza tu, kazi ni ileile." Jibu hilo nimelisikia mpaka limenichosha. Kinachoandikwa kwenye viza ndicho utakachokuwa mbele ya polisi na mbele ya hakimu; kilichosemwa kwenye WhatsApp ni hadithi. Na kama viza yenyewe ni ya kutembelea, funga kontra uirudishe, hakuna la kujadili.

Mshahara sasa. Kwanza, namba bila sarafu si mshahara. "1,200" tunayoisikia hapa ni dola, kwa sababu kichwa chetu kinahesabu dola. Ya Dubai ni dirham, na dirham 1,200 hazifiki dola 330. Pili, tafuta mshahara wa msingi, ule uliotengwa na posho za nyumba na usafiri. Katika kampuni za kule, malipo ya mwisho wa kazi ni siku 21 za msingi kwa kila mwaka, katika miaka mitano ya kwanza. Msingi ukiwa 1,000 na posho 200, miaka miwili inakupa 1,400. Msingi ukiwa 500 na posho 700, jumla ya mwezi ni ileile, lakini unaondoka na 700. Aliyeigawa hivyo alijua anachofanya.

Mengine upesi. Gharama za kukuajiri, sheria ya kule inamkataza mwajiri kukutoza, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Kontra ikisema tiketi itakatwa kwenye mshahara, uliza. Muda wa majaribio kule hauzidi miezi sita. Paspoti ni yako. Ofa uliyosaini hapa ilingane na kontra itakayosajiliwa kwenye wizara yao. Wakikupa nyingine ukishafika, yenye namba nyingine, ndiyo mchezo wenyewe.

Sasa niseme kitu ambacho vitabu vyetu vya sheria havisemi. Kusoma vizuri hakuzuii mwajiri kufungia paspoti yako kabatini, ijapokuwa sheria inakataza. Nawajua watu walioondoka na kontra mbovu ya ukurasa mmoja na nusu, leo wamejenga Kasapa. Nawajua pia niliowaambia "usisaini", wakabaki, wanauza mayuniti ya simu kwenye ronpwe (mzunguko wa barabara), na wakinisalimia naona hawajanisamehe. Sijui kama niliwasaidia. Kwa hiyo siku hizi simwambii mtu nenda au baki. Namwonyesha anachouza na kwa bei gani, sahihi ni yake.

Ila mlete karatasi kabla ya kashe. Komisioneri akikataa ilale kwako hata usiku mmoja, usibishane naye, ondoka. Mkinijia, leteni kurasa zote, na ile ya Kiarabu zaidi, kwa sababu Saudia, kwa mfano, kifungu cha 9 kinasema lugha zikigongana Kiarabu ndicho kinachoshika. Ukurasa huo usimpelekee jirani aliyepita madrasa. Kiarabu cha kontra ni kingine. Mimi mwenyewe sikiwezi, namlipa mtu, na bei yake nitakuambia kabla hajaanza.