Dripu moja tu, dokta

"Dokta, mtundikie hata moja, ataamka." Ombi hilo nalisikia sana hapa Dodoma, hasa Oktoba na Novemba, jua likiwa kali na mvua bado. Ndugu wanamwona mgonjwa kanyong'onyea, wanawaza maji. Siwalaumu. Lakini lita moja ya dripu ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Moyo uliochoka haubebi mzigo huo. Maji hurudi mapafuni, na usiku huohuo mgonjwa anakaa kitandani akihema.

Ndiyo maana naanza na mishipa ya shingo, nabonyeza miguu, nasikiliza mapafu. Uzito wa wiki iliyopita ungenisaidia zaidi, ila wengi hawana mzani, basi nauliza kama viatu vinabana. Shingo ikijaa na miguu ikibonyea, huyo anataka Lasix, dawa ya kukojoza maji ya ziada, hata kama midomo imekauka.

Kwenye maji nilipatia, na bado nikakosea, kwa mama mmoja mwenye valvu ya chuma moyoni, anayemeza Lasix na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Aliharisha siku 3. Yeye kweli alikauka: mishipa ya shingo haionekani, presha chini. Nikasimamisha Lasix, nikampa mililita 250 taratibu, nikasikiliza mapafu, nikaongeza nyingine 250. Akachangamka. Sikuuliza kilichokuwa mkobani: Flagyl, antibiotiki alizonunua mwenyewe duka la dawa. Dawa hiyo huzuia ini kuvunja warfarini. Tena siku zote hizo hakugusa mlenda, mboga yake ya kila siku yenye vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ambayo kwa valvu yake naitaka kati ya 2.5 na 3.5, ilipita 6, na fizi zikavuja damu.

Tulisitisha warfarini, tukampa vitamini K kidogo ya kumeza. Dozi kubwa ya sindano ingeweza kuigandisha damu kwenye valvu.

Mwanawe aliuliza kwa nini tusimpe zile dawa mpya zisizohitaji kupima INR. Kwa valvu ya chuma hazifai: utafiti wa dabigatrani, mojawapo ya hizo, uliochapishwa 2013 ulionyesha damu kuganda na kuvuja, vyote vikizidi.

Mama mwenyewe alitaka kujua jambo moja tu, kama aache mlenda. Nikamwambia ale, ila kiasi kilekile kila siku.