Udongo wa Engaruka uliletwa na maji, ukazuiwa na mawe

Wengi wanaopita njia ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania huona Engaruka ni uwanda mkavu tu, vichaka na mawe. Shuka garini, utembee hadi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, uyaangalie hayo mawe kwa karibu. Utaona yamepangwa.

Mvua ya kutosha hunyesha juu, kwenye milima ya Ngorongoro. Huku bondeni ni haba, haitoshi kumhakikishia mkulima mavuno. Lakini Mto Engaruka hushuka korongoni mwake mwaka mzima, na ndio uliowavuta watu. Kati ya karne ya 15 na ya 18 walijenga vijiji saba kwenye miteremko, kila nyumba juu ya kibaraza kilichochongwa mlimani na kukingwa kwa mawe yasiyo na chokaa wala saruji. Chini yake walilima eneo la takriban kilomita 20 za mraba.

Mifereji yao ndiyo inayonistaajabisha kila ninapoirudia. Mfereji mkuu ulichukua maji mtoni, ukafuata ubavu wa mlima kwa mwinamo mdogo sana, kisha ukagawanyika hadi kwenye vijaruba vilivyozungushiwa mistari ya mawe. Kwa muda mrefu wataalamu tulidhani mawe hayo yaliwekwa kushikilia udongo uliokuwapo. Uchimbaji wa miaka ya karibuni umeonyesha jambo kubwa zaidi: katika sehemu ya mashamba hayo, udongo wenyewe ulitengenezwa. Wakulima waliongoza maji yenye tope, wakayapunguzia kasi kwa kuta fupi, tope likatua tabaka juu ya tabaka. Ukuta ukifunikwa, waliuinua tena. Humo wakapanda mtama, na punje zake zilizoungua tumezikuta. Walifuga pia ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Mwanajiolojia Mjerumani Hans Reck aliyachunguza magofu haya mwaka 1913. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika 1935, akakisia wakazi zaidi ya 30,000. Watafiti waliomfuata wanaona idadi hiyo imezidi mno, nami nakubaliana nao, kwa kuwa mashamba yote hayakulimwa kwa wakati mmoja.

Kwa nini waliondoka? Kupungua kwa maji na kuja kwa wafugaji wa Kimaasai ndizo sababu zinazotajwa zaidi. Na walikuwa kina nani? Wengine huwahusisha na Wairaqw, wengine na Wasonjo, jamii ya wakulima karibu na Ziwa Natron ambao bado ni mafundi wa mifereji. Leo Wamaasai na majirani zao wanamwagilia mahindi, maharage na migomba kwa mto uleule.

Kwa hiyo ukihitaji mawe ya msingi wa nyumba, usiyatoe kwenye mistari hiyo. Likishang'olewa jiwe moja la mlango wa mfereji, hatuwezi tena kujua maji yalielekezwa wapi.