Mshono Ukikauka, Tumbo Bado: Kumuuguza Nyumbani Mtoto Aliyepasuliwa Tumbo

Mzazi anayeruhusiwa kuondoka wodini na mwanawe aliyepasuliwa tumbo huwa ameelezwa mambo mengi kwa muda mfupi, mara nyingi akiwa amesimama na mfuko mkononi huku tuktuk ikimngoja langoni. Akifika nyumbani, iwe ni Majengo, Bamburi au ng'ambo ya kivuko kule Likoni, hapa Mombasa, analolikumbuka zaidi huwa ni moja: kidonda kisiingie maji. Basi macho ya nyumba nzima, kuanzia bibi hadi jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, huelekea kwenye plasta. Sisi tunaowahudumia watoto hawa tungependa macho hayo yaliangalie na tumbo lenyewe, kwa kuwa matatizo makubwa huanzia ndani, na huweza kutokea mshono ukawa mkavu na safi ilhali mtoto anazidiwa.

Sababu za upasuaji hazifanani. Yupo aliyetengenezwa ngiri na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Yupo aliyetolewa kidole tumbo kilichokwisha kupasuka. Na yupo mtoto mchanga ambaye kipande cha utumbo wake kilijichomeka ndani ya kipande kingine, mfano wa mkono wa kanzu uliokunjwa kwa ndani. Kwa hiyo pale ambapo maelezo ya daktari aliyempasua mtoto wako yanatofautiana na haya, fuata ya daktari.

Matumbo yanaposhikwa wakati wa upasuaji hulala. Utumbo mwembamba huamka kwanza, aghalabu ndani ya siku moja, na utumbo mpana huweza kuchukua siku mbili hadi tatu. Ndiyo maana wodini wazazi huulizwa kila asubuhi kama mtoto amejamba. Wengine huona haya kulijibu swali hilo, nasi hatuna swali la maana kuliko hilo, kwani hewa ikipita hutujulisha kuwa njia iko wazi. Nyumbani nako endelea kuliuliza. Mtoto anayetoa hewa, anayekojoa kama kawaida yake na ambaye tumbo lake ni laini anaposhikwa mbali na kidonda, huyo anaendelea vizuri hata kama leo amekataa uji.

Kutapika mara moja baada ya safari au baada ya dawa chungu si ajabu. Matapishi ya rangi ya kijani ni habari nyingine kabisa. Rangi hiyo ni ya nyongo, na kwa mtoto aliyepasuliwa tumbo huweza kumaanisha kwamba utumbo umeziba. Akitapika kijani, au tumbo likivimba na kukaza kama ngoma, au akikaa bila kutoa hewa wala choo huku maumivu yakiongezeka, asipewe chakula wala kinywaji, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Aliye Likoni asingoje kupambazuka kwa kuhofia kivuko, kwani feri huvuka usiku pia, na akishindwa kuvuka aanzie hospitali iliyo upande wake.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi nayo ni sababu ya kurudi. Hapa kwetu, hasa msimu wa kaskazi, kiganja cha mkono hakitoshi kuipima, kwa sababu kila mtoto aliyelala chini ya bati mchana huwa moto. Kipimajoto kinauzwa katika maduka ya dawa, na ni heri fedha za juisi za kumliwaza zikanunue hicho.

Kuhusu maumivu, kosa tunalolikuta mara kwa mara ni kungoja mtoto alie ndipo apewe dawa. Katika siku mbili tatu za mwanzo ni bora dawa ifuate saa kama ilivyoandikwa, maana mtoto mwenye maumivu hapumui vizuri, hatembei, hali, na choo chake hukauka. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa dozi moja, na isizidi dozi nne katika saa 24. Mtoto wa kilo 12, basi, kiwango chake cha juu kwa dozi moja ni miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Zipo chupa zenye nguvu maradufu ya hiyo, kwa hiyo soma lebo kwanza, na upime kwa bomba lisilo na sindano, kwani vijiko vya chai havilingani. Tahadhari na dawa za mafua, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani yake, na mtoto anayepewa zote mbili anaweza kudhurika ini pasipo mtu kujua. Aspirini asipewe kabisa.

Chakula kirudi taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mkubwa kidogo aanze na uji mwepesi, supu, wali uliolainishwa, ndizi ya kuponda na mtindi, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Viazi karai, achari na soda vingoje. Choo kikiwa kigumu, mwongezee maji safi ya kunywa na papai, na kama hali haibadiliki umuulize daktari. Mafuta ya nyonyo na dawa za kuharisha zisitumike, maana utumbo ulioshonwa haupaswi kusukumwa kwa nguvu.

Kidonda chenyewe nitakieleza kwa ufupi. Ngozi hujifunga kwa muda wa siku saba hadi kumi, lakini nguvu huja polepole: hata baada ya wiki tatu mshono huwa bado haujafikia thuluthi moja ya nguvu za ngozi ya awali. Kuoga kwa kumwagiwa maji kwa kawaida huruhusiwa baada ya saa 48, kisha mahali hapo pakaushwe kwa kugusa tu bila kusugua. Kukaa ndani ya beseni na kuogelea havifai mpaka pafunge kabisa. Wapo wanaosema maji ya bahari hukausha kidonda. Maji hayo yana vijidudu, na ufukwe utakuwapo hata mwezi ujao. Plasta ikilowa jasho ibadilishwe. Mvalishe fulana pana ya pamba, na uepuke kaptula yenye mpira unaopita juu ya mshono. Mafuta ya habasoda, manjano na majivu visipakwe. Wekundu unaotambaa, usaha, harufu, au mshono kuachia, vyote vinahitaji kuonwa siku hiyo hiyo.

Bibi atakayetaka kulifunga tumbo kwa leso hana nia mbaya, kwani ndivyo alivyowauguza waliojifungua. Kwa mtoto huyu kitambaa kilichokazwa hubana pumzi, huloweka kidonda kwa jasho, na huficha uvimbe ambao tunataka uonekane mapema. Vivyo hivyo kumbeba mgongoni: tumbo lake hugandamizwa kwenye mgongo wako kwa saa nzima. Mbebe kwa mbele, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, hadi daktari amwone tena. Akikohoa, mpe mto mdogo aukumbatie tumboni. Bodaboda nayo iachwe kwa muda, kwa sababu ya mashimo kama si kwa jingine.

Kutembea ndani ya nyumba ni dawa, wala hakuna haja ya kumlaza kutwa. Kuruka, kupanda baiskeli na kupigana mieleka na kaka zake ndiko kunakongoja, mara nyingi wiki mbili kwa aliyepasuliwa kwa matundu madogo, na wiki nne hadi sita kwa aliyefunguliwa tumbo.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hutueleza kwa sauti ya chini, kana kwamba wamekosea. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, anashtuka usingizini, akimwona mtu aliyevaa nguo nyeupe analia, hataki mama aende hata jikoni. Hajadeka, na hajaharibiwa na dawa ya usingizi. Amechomwa sindano na watu asiowajua, akaamka mahali pageni akiwa na maumivu, naye hana maneno ya kuyasimulia hayo. Asichapwe wala asichekwe mbele ya wenzake. Mrudishie ratiba yake ya kulala na kula, mwache amdunge sindano mwanasesere kama ndiyo namna yake ya kusimulia, na kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya wiki chache.

Mwisho ni karatasi ya kuruhusiwa. Makovu ya ndani huweza kuyashikanisha matumbo na kuyaziba miezi au hata miaka baadaye, wakati mshono umebaki mstari mwembamba ambao hata mwenyewe ameusahau. Iweke karatasi hiyo ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitabu chake cha kliniki, na siku yoyote atakapotapika kijani au kukazwa na tumbo, akiwa darasa la kwanza au la saba, umwoneshe daktari kabla hajauliza.