Maziwa Hayaoshi Mapafu: Maswali ya Mafundi kuhusu Dawa za "Nano" za Kupuliza

Hospitalini napokea mafundi vijana wa gereji wanaopuliza "nano", ile dawa ya kung'arisha bodi ya gari na kufanya maji yateleze kwenye kioo. Wanafika usiku wakihema kama waliokimbia, na karibu wote wameshakunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua.

Nano ni nini?
Ni kipimo cha udogo. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe za nano huwa kati ya nanomita 1 na 100; unywele una upana wa nanomita 80,000 hivi. Neno hilo kwenye kopo halikuambii kama dawa ni salama.

Kwani imewahi kumdhuru mtu?
Machi 2006 huko Ujerumani iliingia sokoni dawa ya kopo ya kukinga vioo, vigae na bafu, jina lake Magic Nano. Katika siku chache watu wapatao 100 walipata shida ya kupumua, wengine wakalazwa mapafu yakiwa yamejaa maji. Ikaondolewa madukani. Ilipochunguzwa, chembe za nano hazikuonekana: neno lilikuwa la kuuzia tu. Kilichoumiza ni ule ukungu laini wa kopo la gesi, kwani dawa ya aina hiyo ya chupa ya pampu, yenye matone makubwa, haikuwa imeleta shida. Sasa fikiria ukungu wa kompresa ya gereji, ile mashine ya kupuliza kwa hewa, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie.

Nikinywa maziwa si yanasafisha kifua?
Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, dawa uliyovuta imekwenda mapafuni. Njia hizo mbili zinaachana kooni. Unaona nafuu kwa sababu koo lililokuwa likiwasha limelainika, na nafuu hiyo ndiyo inayokubakiza nyumbani huku vifuko vya hewa vikijaa maji.

Na nikinywa kabla ya kazi?
Hapana. Kabla, baada, ya moto, ya mgando: hayafiki mapafuni.

Kifua kinabana kidogo tu. Nilale kwanza?
Usilale. Hali inaweza kuwa mbaya saa kadhaa baadaye, ukiwa usingizini. Toka kwenye hewa safi, vua nguo zenye dawa, nenda kituo cha afya chenye oksijeni. Usiende peke yako kwa bodaboda. Beba kopo, maana bila kopo tunakisia ulichovuta. Na sigara acha kabisa: dawa nyingi za aina hii zina kemikali za florini, na mabaki yake vidoleni yakipata moto wa sigara hutoa moshi wenye sumu.

Barakoa ya kitambaa inatosha?
Haitoshi. Inatakiwa ile ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya mvuke na vya chembe, na vichujio hivyo vibadilishwe. Milango iwe wazi.

Bosi anatupa nusu lita ya maziwa kila siku. Si ndiyo kinga yetu?
Hili linaniudhi kuliko yote. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kenya ipo ya 2007. Maziwa si kifaa cha kinga! Mwambie akupe barakoa, na aagize kwa muuzaji karatasi ya maelezo ya usalama ya dawa hiyo. Muuzaji asiyekuwa nayo, msinunue kwake. Ukiumia, taarifa ipelekwe mapema: kwa Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi pia. Weka cheti cha hospitali. Fundi anayekuja baada ya miezi, bila jina la dawa wala tarehe, tunashindwa kumsaidia.

Mume wangu alipuliza mchana, sasa anakohoa lakini amekunywa maziwa na anasema yuko sawa. Nisubiri asubuhi?
Mlete sasa, na kopo lake.