Almasi ya waridi ya Mwadui katika mapambo ya kifalme ya Uingereza

Kazi yangu hapa Mwanza ni kuthamini vito, na wateja huniuliza mara kwa mara iwapo ni kweli kwamba miongoni mwa mapambo ya familia ya kifalme ya Uingereza limo jiwe lililotoka kwetu. Limo. Lilichimbwa mwaka 1947 huko Mwadui, kusini mwa jiji hili, kabla hujafika Shinyanga mjini, katika mgodi ulioanzishwa na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, ambaye alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth jiwe hilo alipofunga ndoa mwezi Novemba mwaka huohuo.

Likiwa ghafi lilikuwa na karati 54.5, yaani takribani gramu 11. Lilikatwa London mwaka 1948 na kubaki karati 23.6, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uzito wake iliondoka. Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa uharibifu, kwani mkataji hulazimika kupunguza uzito ili nuru iingie, igonge nyuso za chini na kurudi kwenye jicho la mtazamaji, la sivyo hata rangi adimu huonekana imefifia. Rangi yenyewe haiongezwi na fundi. Wataalamu wengi wanaihusisha na mkandamizo mkubwa uliopotosha mpangilio wa atomi za kaboni wakati jiwe likiwa bado chini sana ardhini.

Mwaka 1953, baada ya Elizabeth kuwa Malkia, kampuni ya Cartier ililiweka jiwe hilo katikati ya pambo la kubana kwenye nguo, lenye umbo la ua, likizungukwa na petali tano za almasi nyeupe, pamoja na shina na majani. Alilivaa mwaka 1981 kwenye harusi ya mwanawe Charles na Diana. Ua ni kazi nzuri ya mikono, lakini kwangu mimi heshima ya kwanza ni ya Mwadui, kwa kuwa sonara hodari anaweza kuunda ua jingine, ila hawezi kuunda waridi lile.

Pambo hilo halijawahi kupigwa mnada. Mwaka 2022, huko Hong Kong, almasi nyingine ya waridi kutoka Mwadui, yenye karati 11.15, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 57 za Marekani. Hata hivyo, sishauri mtu achukue bei ya kila karati ya jiwe hilo na kuizidisha kwa 23.6, kwa sababu vivuli vya waridi hutofautiana, na historia ya umiliki nayo ina bei yake.