Fundi amekataa kurudisha mashine ya boti? Si lazima iwe kesi ya polisi

Lamu watu husema mtu akishikilia mali yako, kimbilia kituoni, polisi watakurudishia. Sivyo. Wizi unahitaji nia ya kuiba. Kitu ulichompelekea fundi mwenyewe, au ulichoazimisha, kwa kawaida ni kesi ya madai.

Kwanza kidai kwa maandishi: aina ya mashine, namba iliyo kwenye kibati chake, na siku ya mwisho ya kurudisha. Baki na nakala iliyotiwa saini. Kesi nyingi hukwama hapa, maana mdaiwa husema hakuwahi kuombwa.

Fundi naye ana haki ya kuishikilia hadi alipwe ujira wa kazi hiyo hiyo. Deni la mwaka jana halimo.

Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 huenda Mahakama ya Madai Madogo, na wakili si lazima. Pasipo nayo, kwa hakimu. Omba mashine irudishwe au thamani yake, pamoja na hasara. Ukihofia itauzwa, omba amri ya kuizuia mapema. Muda wa kushtaki ni miaka 3.