Bawa la foili si cheo: dhana potofu kuhusu kuchagua ukubwa wake

Wakati wa kusi mwaka jana, pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kijana mmoja niliyekuwa namfundisha wing foil, mchezo wa kupaa juu ya maji kwa ubao wenye mabawa chini yake, alitoka majini, akaulaza ubao wake mchangani, akaniambia: “Kaka, kupaa sasa najua. Nitafutie bawa dogo, hili la wanafunzi limenichosha.” Alikuwa na siku nane tu za mazoezi. Uzito wake ni kilo 86, na bawa la mbele la foili yake lilikuwa la sentimita za mraba 1,800. Mimi nilikuwa na jingine la 1,100 kwenye mfuko. Nikamfungia, kwa sababu kuna mambo mtu hayasadiki kwa kuambiwa.

Saa nzima alikuwa analima maji. Ubao unapanda kiasi cha kiganja, unayumba, unarudi chini. Ukija upepo wa nguvu anapaa, ukilegea kidogo tu anadondoka. Aliporudi ufukweni mikono inamtetemeka, akanyamaza. Nilimwonea huruma, maana lile alilosema si lake peke yake. Ufukwe mzima unalisema.

Kwa asiyeuzoea mchezo huu: mkononi unashika bawa la kitambaa la kujazwa hewa, ndilo linalokamata upepo. Chini ya ubao kuna mlingoti, na mwishoni mwa mlingoti, ndani ya maji, kuna mabawa mawili magumu, kubwa mbele na dogo nyuma. Hayo ndiyo foili, na bawa la mbele ndilo linalokubeba ukapaa juu ya maji. Ninapotaja bawa hapa bila kusema zaidi, nakusudia hilo la mbele.

Dhana: Bawa kubwa ni la wanafunzi, bawa dogo ni la mabingwa.

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na ndiyo inayowapotezea watu misimu.

Bawa halijui kama wewe ni mwanafunzi au bingwa. Linajua vitu viwili: uzito uliopo juu yake na kasi ya maji yanayopita. Nguvu ya kuinua inakua kwa mraba wa kasi. Ukienda kasi mara mbili, bawa lilelile linakuinua kwa nguvu mara nne. Kwa hiyo kila bawa lina kasi yake ya kunyanyukia, na ukipunguza eneo la bawa lazima uilipe tofauti kwa mwendo. Ukilipunguza nusu, utahitaji mwendo ulioongezeka kwa asilimia 41 hivi ndipo upae.

Turudi kwa yule kijana. Ukijumlisha ubao, foili na bawa la mkononi, alikuwa anabebesha maji karibu kilo 100. Tuseme bawa la 1,800 lilimnyanyua akiwa na mwendo wa kilomita 13 kwa saa. La 1,100, lenye umbo lilelile, litamtaka afikie karibu 17. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Lakini zile kilomita nne lazima uzipate ubao ukiwa bado umelala majini, tumbo lake linakokota, na hapo kila kilomita inauzwa ghali. Bingwa anazipata kwa sababu anajua kupiga pampu, yaani kusukuma kwa mapigo bawa la mkononi na ubao, kwa mikono na miguu kwa wakati mmoja, na kwa sababu anasimama mahali sahihi bila kufikiri. Anatumia bawa dogo kwa kuwa anakwenda kasi. Wengi wanaigeuza: wanachukua bawa dogo wakidhani kasi itakuja yenyewe.

Wazee wa kazi hii waliliona hilo zamani sana. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza na mwenzake Casey Baldwin boti ya foili iitwayo HD-4 huko Baddeck, Kanada, ambayo mwaka 1919 ilikimbia zaidi ya kilomita 113 kwa saa juu ya maji. Foili zake zilipangwa kama vipago vya ngazi, moja juu ya nyingine. Boti ikiwa polepole, vipago vingi vimo majini vinasaidiana kubeba. Ikishika kasi inapanda, vya juu vinatoka majini, vinabaki vichache vya chini. Yaani boti yenyewe ilikuwa inajipunguzia bawa kadiri kasi inavyopanda. Sisi hatuna ngazi chini ya ubao. Tuna bawa moja tu kila tunapoingia, kwa hiyo lazima tulichague kwa mwendo tunaoufikia kweli siku ile.

Dhana: Namba ni namba. 1,200 ni 1,200.

Chukua mabawa mawili yenye sentimita za mraba 1,200. Moja lina urefu wa sentimita 75 kutoka ncha hadi ncha, jingine 105. Zidisha urefu kwa wenyewe kisha gawanya kwa eneo. La kwanza linakupa 4.7, la pili 9.2. Huo ndio uwiano wa bawa, na unakueleza tabia yake kuliko ile namba kubwa iliyochapwa juu. La kwanza ni fupi na pana katikati, linanyanyuka polepole bila kushtua, ukikosea linakuvumilia, na linakata kona upesi. La pili ni refu na jembamba. Linateleza mbali hata upepo ukikata, ila linadai lianze na mwendo kidogo zaidi, na ukilipunguzia mwendo kupita kiasi linakuacha ghafla.

Kuna na unene. Bawa nene linabeba vizuri kwenye mwendo mdogo, kisha linakuwa kama limefungwa breki unapotaka kukimbia. Bawa jembamba ni kinyume chake. Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: watengenezaji hawapimi eneo kwa njia moja. Wengine wanapima kivuli cha bawa likitazamwa kutoka juu, wengine wanapima ngozi yenyewe pamoja na mkunjo wake. Kulinganisha namba za kampuni mbili ni kama kulinganisha vipimo vya nguo za viwanda viwili. Mpaka uvae.

Na kuvaa kwenyewe kunawezekana hata siku isiyo na upepo. Nenda kwenye maji ya kiuno, ushike ubao kwa ubavu, na utembee ukiusukuma foili ikiwa chini. Utausikia mkononi unavyotaka kupanda. Fanya hivyo kwa mabawa mawili na utajifunza kitu ambacho hakuna jedwali litakueleza.

Dhana: Rafiki yangu anatumia 1,000, basi na mimi.

Rafiki yako ana kilo ngapi? Kwa jumla ya kilo 70 pamoja na vifaa, bawa la 1,000 linabeba gramu 70 kwa kila sentimita ya mraba. Mwenye jumla ya kilo 105 anahitaji 1,500 ili ahisi vilevile. Dada mwepesi anayeonekana anapaa kwa bawa dogo kuliko wanaume wote ufukweni huenda kwa hesabu hii anaendesha bawa kubwa kuwazidi. Naomba walimu tuache kumkabidhi kila mwanafunzi bawa lilelile kwa sababu ndilo lililo karibu na mlango wa banda. Mtu wa kilo 52 juu ya bawa la 2,000 katika upepo wa noti 22 (kilomita 41 hivi kwa saa) anateswa bure.

Ndiyo, bawa kubwa nalo linatesa, na hili halisemwi vya kutosha. Ukishakuwa na mwendo mzuri, bawa lililozidi linataka kupanda tu. Unakandamiza mguu wa mbele mpaka paja linawaka, upepo ukiongezeka unashindwa kulizuia, bawa linatoka juu ya maji, linavuta hewa na unaanguka kwa kishindo. Anayeanguka hivyo kila siku anaweza kudhani hana usawa, kumbe amepewa bawa lisilo lake.

Dhana: Sinyanyuki, basi nahitaji bawa kubwa zaidi.

Pengine. Lakini kwanza mwombe mtu akutazame unavyoanza, mara kumi. Mara nyingi ninachokiona ni mkono wa nyuma umevutwa mno mpaka bawa la mkononi limekaba upepo halisukumi, au mtu amesimama nyuma sana na pua ya ubao inaelekea mbinguni. Hakuna ukubwa wa bawa utakaotibu hayo.

Ukishayarekebisha na bado hupandi, na wenzako wa uzito wako wanapanda, basi ni kweli, ongeza. Siku za upepo mwepesi mimi huongeza bawa la chini kabla ya kuongeza la mkononi. Bawa la mkononi la mita za mraba 6 au 7 ni zito, ncha zake zinagusa maji, na linachosha mabega ya anayejifunza.

Dhana: Bawa dogo lina kasi kuliko kubwa, basi.

Lina kasi ukiwa umeshapaa na upepo unakutosha. Chini ya hapo bawa linaegemea maji kwa pembe kubwa ili likubebe, na pembe hiyo inaleta ukinzani. Nimeona wenye 1,400 wakiwapita wenye 900 katika upepo wa noti 13, tena bila jasho.

Dhana: Bawa refu jembamba ndilo la kisasa, mengine yamepitwa.

Ni zuri, nalipenda, na siku za mawimbi marefu nje ya mwamba ndilo ninalolitaka kwa ule mteremko wake usiokwisha. Lakini anayejifunza kugeuka kwa kuupa upepo mgongo atalaza ubao, na ncha ya bawa lenye mita nzima itachomoza upande wa pili. Chagua la kati, lenye uwiano wa 6 hadi 8, ujifunze kugeuka pande zote mbili, kisha ndipo urefushe.

Dhana: Ukishuka ukubwa wa bawa, shuka mara moja uokoe pesa.

Naielewa, kwa sababu mabawa haya ni ghali na kwetu hayapatikani kila duka. Lakini kutoka 2,000 hadi 900 ni kuongeza mwendo wa kunyanyukia kwa karibu nusu nzima. Shuka kwa asilimia 20 hadi 25 kila hatua. Hapo mwendo wa kunyanyukia unaongezeka kwa asilimia 12 hadi 15 tu, na mwili unauzoea ndani ya siku chache.

Wakati gani? Nina dalili ninazozitazama. Unanyanyuka kila unapotaka, si mara saba kati ya kumi. Unaweza kubisha, yaani kupanda upepo kwa mshazari, mpaka ukarudi pale ulipoingilia bila kutembea ufukweni na ubao kichwani. Upepo ukizidi, tatizo lako ni kulizuia bawa lisipande. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kwangu. Ila kabla hujatoa pesa, sogeza mlingoti nyuma kwenye reli yake kwa sentimita 1 au 2. Mguu wa mbele utapumua. Au badilisha bawa la nyuma, ambalo ni rahisi kuazima, uweke dogo zaidi, na utaona bawa lilelile la mbele limekuwa jepesi kugeuka. Wako waliogundua hapo kwamba walikuwa hawahitaji kununua chochote. (Na zioshe skrubu kwa maji baridi na uzipake grisi. Chuma ndani ya alumini pamoja na chumvi vinashikana mpaka bawa la kubadilisha halibadilishiki.)

Dhana: Bawa dogo litanisaidia maji yakipwa.

Hapana. Kinachogusa chini ni urefu wa mlingoti, na mingi ni ya sentimita 75 hadi 85, bila kuhesabu bawa lenyewe. Pwani ya mashariki ya Unguja, siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa inakaribia mita 4. Saa chache baada ya kupaa raha mustarehe, pale pale watu wanatembea kwa miguu. Soma jedwali la maji kabla ya kusoma namba ya bawa, na kaa mbali na vigingi na kamba za mwani, kwa kuwa kile ni chakula cha familia ya mtu, na bawa lako linakata kama panga.

Swali la bawa moja la mwaka mzima naulizwa kila wiki. Manahodha wa majahazi walibeba matanga zaidi ya moja, kubwa la upepo mwepesi na dogo la upepo mkali, wala hakuna aliyewaita wanafunzi walipotundika kubwa. Kwetu hapa upepo wa kusi kwa kawaida una nguvu kuliko wa kaskazi. Mwenye uwezo wa kuwa na mawili, moja la kila msimu, yapishane kwa theluthi hivi.

Yule kijana alirudi kwenye 1,800 kwa wiki mbili zaidi, akiwa na mlingoti uliosogezwa nyuma. Kisha akaazima la 1,450, akapaa siku ya kwanza, na mwisho wa kusi alikuwa anageuka pande zote bila kugusa maji. La 1,800 hakuliuza. Mwezi wa kwanza, upepo wa kaskazi ukiwa noti 11 tu, ndiye aliyekuwa majini peke yake, sisi wengine tumekaa chini ya minazi tunausubiri uongezeke.